Namna ya Kuitambua Bulimia Katika Nyumba ya Lamu

Binti akisikika anatapika chooni baada ya chakula cha mchana, nyumba ya Lamu huwa na majibu matatu tayari. Mama huwaza mimba, akamtuma mtoto duka la dawa kununua kipimo. Bibi huwaza kijicho au jini, akapeleka salamu kwa mwalimu amwandikie kombe, yaani maandishi ya dua yanayooshwa na kunywewa. Mjomba aliyekaa barazani husema ni vidonda vya tumbo, na papo hapo huamuru achari na pilipili ziondolewe nyumbani. Kila moja kati ya majibu hayo huweza kuwa kweli, nami sina nia ya kumcheka yeyote. Hata hivyo liko jibu la nne ambalo ni nadra kutajwa, nalo ni bulimia, ugonjwa unaoweza kukaa miaka ndani ya nyumba yenye watu wengi bila ya mtu kuutambua.

Mwongozo huu nauandikia watu wa nyumbani: mama, shangazi, somo aliyemfunda binti, kaka mkubwa, na yeyote anayeishi karibu na mtu anayemtilia shaka. Neno lake kuu ni kwamba anayeutafuta ugonjwa huu asiutazame mwili, bali atazame mwenendo, hasa ule wa kabla na baada ya chakula.

Ugonjwa wenyewe

Bulimia ni ugonjwa wa akili unaojitokeza kwenye chakula. Mwenye nao hupatwa na vipindi vya kula chakula kingi mno kwa muda mfupi, huku akihisi kwamba hawezi kujizuia, kana kwamba mkono unaotia tonge kinywani si wake. Kipindi kikishapita, hofu ya kunenepa na aibu humpanda, akatafuta njia ya kukifuta alichokila: kujitapisha, kunywa dawa za kuharisha, kujinyima chakula siku nzima, au kujichosha kwa mazoezi. Kisha njaa hurudi, na mzunguko huanza upya. Juu ya hayo yote, mtu huyu huipima thamani yake kwa uzito na umbo lake, kiasi kwamba siku nzima huweza kuharibika kwa sababu ya nguo iliyombana.

Jina la ugonjwa limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni njaa ya ng'ombe. Ni Gerald Russell, daktari wa magonjwa ya akili wa London, aliyeueleza kwa utaratibu mwaka 1979, baada ya kuwachunguza wagonjwa 30 waliokuwa na hofu kubwa ya kunenepa lakini walikuwa wakila kwa pupa na kisha kujitapisha au kutumia dawa za kuharisha. Leo mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, katika toleo lake la 2013, unataka vipindi hivyo vitokee angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, ilhali orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 inatosheka na mwezi mmoja. Vipimo hivyo ni vya daktari. Jamaa hana haja ya kukaa akihesabu wiki kabla ya kuchukua hatua.

Wengi hudhani kwamba ugonjwa huu huanza kwa ulafi, na dhana hiyo hudhuru kuliko inavyoonekana, kwa sababu maneno tuliyo nayo kwa mtu anayekula sana, mlafi na mroho, yote ni maneno ya lawama. Ukweli ni kwamba mara nyingi huanza kwa kujinyima. Kati ya 1944 na 1945, Ancel Keys na wenzake katika Chuo Kikuu cha Minnesota waliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya njema, waliojitolea wenyewe, kwa muda wa miezi sita. Wanaume hao walianza kuota chakula na kukizungumza kutwa kucha, na chakula kiliporudishwa baadhi yao walikula kiasi kikubwa cha kushangaza na bado wakajihisi na njaa. Hawakuwa walafi; ulikuwa mwili ulioshindishwa na njaa ukidai haki yake. Binti anayeruka chai ya asubuhi na chakula cha mchana ili apungue, kisha usiku akavamia sufuria ya wali uliolala, anafuata njia ile ile, na hapaswi kufundishwa kujizuia zaidi, kwani kujizuia ndiko kulikomfikisha hapo.

Kwa nini nyumba haioni

Sababu ya kwanza ni kwamba tunatafuta mtu aliyekonda. Pwani yetu imezoea kusoma afya katika mwili: aliyenenepa kidogo huambiwa amenawiri, na aliyekonda huulizwa kwa sauti ya chini ana nini. Mgonjwa wa bulimia aghalabu ana uzito wa kawaida, au amezidi kidogo, au uzito wake hupanda na kushuka. Kwa macho ya jamaa amenawiri. Mwanamke anayetoka na buibui hana hata nguo itakayomfichua, na daktari anayetazama kadi ya uzito peke yake naye huweza kupitwa.

Sababu ya pili ni namna tunavyokula. Penye sinia moja, watu wanne au watano wakichota wali kutoka upande wao, hakuna ajuaye nani amekula kiasi gani. Aliyeisukumasukuma mboga bila kuitia kinywani na aliyekula kwa haraka isiyo ya kawaida wote huinuka pamoja, wakanawa mikono, na sinia likaondolewa. Sipendekezi tuache kula pamoja, kwani kula pamoja ni dawa, kama nitakavyoeleza mbele. Nasema tu kwamba sinia halina hesabu.

Sababu ya tatu ni kwamba kujinyima chakula, kwetu, kuna vazi la heshima. Mtu anayesema "nimefunga" haulizwi zaidi, na saumu ya Jumatatu na Alhamisi, pamoja na ile ya siku sita za Shawwal, ni ibada tukufu inayowaleta wengi karibu na Mola wao. Ila mgonjwa huweza kuitumia kama pazia. Tofauti huonekana magharibi inapoingia: mfungaji hufuturu kwa furaha, ilhali mgonjwa huwa na wasiwasi, hutafuta kisingizio cha kutokuwapo, au hula mihogo na kaimati kwa kasi ya kutisha kisha akatoweka.

Kuna na jambo jipya. Bibi zetu walipokuwa wakitiwa ndani kabla ya harusi, walisingwa, wakalishwa vizuri, na bi harusi aliyejaa alikuwa fahari ya ukoo. Leo bi harusi hutumiwa picha za wanawake wembamba kwenye simu na kuambiwa gauni halitamwingia. Visiwa vya Fiji, ambako mwili mkubwa ulisifiwa kama kwetu, vinatoa funzo hapa. Mtafiti Anne Becker aliwauliza wasichana wa shule mwaka 1995, televisheni ilipokuwa ndiyo kwanza imefika katika eneo lao, na hakuna aliyesema kwamba hujitapisha ili apunguze uzito. Aliporudi mwaka 1998, asilimia 11.3 walisema hufanya hivyo. Kwa hiyo anayesema kwamba haya ni maradhi ya Wazungu na hayawezi kuvuka maji kuja Lamu, angalau aifikirie Fiji, kisha aitazame simu iliyo mkononi mwa mwanawe.

Dalili za mwenendo

Dalili iliyo wazi kuliko zote ni safari ya chooni mara baada ya chakula, inayojirudia siku baada ya siku. Katika nyumba za kale za mtaa wa Mkomani, zenye birika la maji ndani ya choo, utasikia kata ikichota na kumwaga maji kwa muda mrefu usiolingana na haja ya kawaida. Katika nyumba mpya utasikia mfereji umefunguliwa na haufungwi. Mtu hutoka macho yakiwa mekundu na yenye machozi, uso umevimba kidogo, na pengine harufu ya dawa ya meno au udi ulioteketezwa kwa haraka. Mara moja si hoja, kwani tumbo la mtu yeyote huweza kuchafuka. Hoja ni mazoea.

Dalili ya pili ni chakula kinachopotea. Halua iliyowekwa kwa ajili ya wageni imekwisha, mkate wa sinia wote umeliwa usiku, mahamri ya asubuhi hayapo na hakuna anayekiri. Watoto wadogo hulaumiwa, au mtumishi wa nyumbani, jambo ambalo ni dhuluma juu ya ugonjwa. Baadaye huonekana makaratasi ya biskuti chini ya godoro au ndani ya mkoba wa shule. Pesa ndogondogo nazo hupotea, kwa sababu vipindi hivi vina gharama.

Angalia pia kinachonunuliwa. Sanamaki inauzwa kama dawa ya tumbo tangu enzi za mababu, na kikombe kimoja kwa mtu aliyefunga choo si jambo la kushangaza. Lakini anayeinywa kila siku, au anayeweka vidonge vya kuharisha na chai za kupunguza mwili kwenye sanduku lake la nguo, ana shida nyingine. Inafaa ajue, naye huenda hajui, kwamba dawa hizo hufanya kazi katika utumbo mpana, wakati ambapo chakula kimekwisha kufyonzwa katika utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili. Mizani ikishuka asubuhi, imeshuka kwa maji, na itapanda tena atakapokunywa.

Nyingine ni zile za moyo na tabia: kujipima uzito mara nyingi, kukataa kualikwa karamuni, kukasirika ghafla chakula kinapotajwa, kutembea ufuoni hadi Shela na kurudi hata akiwa na homa kwa sababu tu amekula jana, kujitenga, kulala hovyo, na kujisema vibaya mbele ya kioo. Wavulana nao humo wamo. Kijana wa Malindi anayefanya kazi ufuoni, au anayecheza mpira na kushinda jimu, huweza kuwa na ugonjwa huu huu, na yeye hutambuliwa kwa kuchelewa zaidi kwa kuwa hakuna anayemfikiria.

Dalili za mwili

Mashavu yakivimba pande zote mbili, chini na mbele ya masikio, bila homa na pengine bila maumivu, watu husema ni matubwitubwi. Matubwitubwi huja na kuondoka baada ya siku kadhaa; uvimbe wa tezi za mate unaosababishwa na kutapika mara kwa mara hukaa wiki na miezi. Kwa bahati mbaya uvimbe huo huufanya uso uonekane mnene, mgonjwa akajitazama kiooni na kuzidi kujinyima.

Meno husema mengi. Asidi ya tumbo hula enameli, lile gamba gumu la jino, hasa upande wa ndani wa meno ya mbele ya juu, yakawa membamba, yenye ncha za kumeguka, na yenye kuuma kwa maji baridi au chai ya moto. Daktari wa meno mara nyingi ndiye mtu wa kwanza kuugundua ugonjwa, na enameli iliyokwenda hairudi. Ikiwa mtu ametapika, asipige mswaki papo hapo, kwa sababu enameli iliyolainishwa na asidi husuguliwa ikatoka. Asukutue kwa maji na asubiri angalau nusu saa.

Juu ya vifundo vya vidole vya mkono mmoja huweza kuonekana sugu au makovu madogo, na madaktari huiita alama hiyo kwa jina la Russell. Si kila mgonjwa anayo, kwa hiyo kukosekana kwake hakumwondolei mtu shaka. Ongeza hapo sauti iliyokauka, koo linalouma bila mafua, kiungulia cha kila siku, mishipa midogo iliyopasuka kwenye weupe wa jicho, tumbo kujaa gesi na choo kufunga, miguu kuvimba, kizunguzungu akisimama, na hedhi isiyofuata hesabu. Mama akiona hedhi imekatika na kutapika kumeanza, ana haki ya kufikiria mimba, na kipimo kifanywe. Kosa ni kuridhika na kipimo kikionyesha hakuna mimba na kuacha kuuliza zaidi.

Hatari

Kinachoua kwa ghafla ni moyo. Kila kutapika na kila kuharisha huupotezea mwili maji pamoja na potasiamu, madini yanayouwezesha moyo kupiga kwa mpango. Kiasi chake katika damu kwa kawaida ni kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita, na kikishuka mno misuli hulegea au kukazana, mapigo ya moyo huruka, na moyo huweza kusimama. Mtu huyo asubuhi yake alikuwa akitembea mtaani Langoni na kuwaamkia watu. Joto la kaskazi huongeza hatari, kwani mwili ambao tayari umekaukiwa hutoka jasho kutwa. Kumnywesha maji matupu kwa wingi hakutoshi kurudisha chumvi zilizopotea, na vinywaji vya chumvi na sukari, ingawa husaidia mwenye kuharisha, havichukui nafasi ya kipimo cha damu.

Umio nao huchanika. Mchaniko mdogo hutoa damu kwenye matapishi. Mchaniko mkubwa ni nadra, lakini huleta maumivu makali ya kifua na huua usipopasuliwa haraka. Figo hudhoofika kwa ukavu wa muda mrefu. Utumbo uliozoeshwa dawa za kuharisha husahau kazi yake. Mjamzito mwenye bulimia anahitaji kuangaliwa kwa karibu, na ni vizuri amwambie mkunga mapema.

Hatari ambayo familia huiepuka kuitaja ni huzuni kubwa na fikra za kujiua. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba watu wenye bulimia hufa kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya wenzao wa umri huo, na kujiua ni sehemu ya hesabu hiyo. Ukimuuliza mtu kwa upole kama amewahi kufikiria kujiua, humtii fikra hiyo kichwani. Unampa nafasi ya kuitoa.

Kwa hiyo yafuatayo hayasubiri kesho: kuzimia, moyo kwenda mbio au kurukaruka, udhaifu mkubwa wa misuli, kuchanganyikiwa, damu kwenye matapishi, maumivu ya kifua baada ya kutapika, na maneno ya kutaka kufa. Aliye Lamu mjini apelekwe Hospitali ya King Fahd. Aliye Pate, Siyu au Kizingitini anajua kwamba mlango wa bahari wa Mkanda, njia ya kwenda Lamu, haupitiki kirahisi maji yakipwa, na kwa sababu hiyo jamaa wa huko hawana anasa ya kungoja waone kama hali itatulia: waende kwanza kituo cha afya kilicho karibu, na chombo kitafutwe wakati maji bado yapo.

Kuzungumza naye

Nani aseme naye ni swali kubwa kuliko maneno yenyewe. Mama mzazi si lazima awe wa kwanza, kwa sababu binti anayemficha mama yake huona aibu mbele yake kuliko mbele ya mwingine. Tuna watu waliowekwa na mila kwa mazungumzo ya siri: shangazi, bibi, somo. Somo aliyemfundisha binti mambo ya utu uzima ameshasikia mengi mazito, na kwake neno hili litaingia. Chagueni mtu mmoja. Kikao cha ukoo kitamfanya aape kwamba haumwi kitu.

Wakati nao una maana. Msimseme chakula kikiwa mbele yenu wala mara tu atokapo chooni. Baada ya alasiri, juu darini penye upepo, au mkiwa mnapakana hina, panafaa zaidi. Shangazi huweza kuanza hivi: "Mwanangu, nimeona mara kadhaa ukiinuka kwenye sinia unakwenda chooni, na ukitoka macho yamekuwa mekundu. Sikuja kukugombeza, wala sijamwambia mtu. Nina wasiwasi nawe, na nataka nijue unaumwa na nini." Taja ulichokiona, si ulichokikisia, kisha nyamaza. Kimya kikirefuka, kiache kirefuke.

Pengine atajibu, "Ni tumbo tu, shangazi." Usishindane naye. Jibu linalofaa ni, "Haya, mwanangu, basi twende tukalionyeshe hilo tumbo." Kukana kwake kumekuwa mlango wa hospitali, na heshima yake imebaki.

Yapo mambo ya kuepuka. Usimwambie "mbona wewe si mnene," wala usimwambie amependeza kwa kupungua. Hata lile neno letu zuri la kunawiri, mgonjwa hulisikia kwa sikio jingine: ukimwambia amenawiri, anasikia kwamba amenenepa, na siku hiyo huenda asile. Usisimame mlango wa choo kama mlinzi, usimpekue mbele ya nduguze, usimwapishe kwa Msahafu kwamba hatarudia. Atarudia, kwa sababu ni maradhi, na sasa atabeba pia mzigo wa kiapo.

Ikiwa bibi anataka kombe na dua, sioni sababu ya kugombana naye. Dua inaposomwa humtuliza mgonjwa na humfanya ajione si peke yake. Sharti langu ni kwamba dua isiwe badala ya kipimo cha potasiamu, na kwamba asitokee mtu wa kumnywesha mgonjwa dawa ya kutapisha ili kumtoa jini. Hiyo ni kumzidishia kile kile kinachomuua.

Hospitali na baada yake

Mwambieni muuguzi ukweli kwamba mgonjwa hutapika kwa makusudi au hutumia dawa za kuharisha. Mkisema tumbo, atatibiwa tumbo. Ombeni damu ipimwe potasiamu, sodiamu na kazi ya figo, moyo upimwe kwa mashine inayosoma umeme wake (ECG), na shinikizo la damu lipimwe akiwa amelala na akiwa amesimama. Majibu yakiwa mazuri, mshukuruni Mungu, ila msiyachukue kuwa ushahidi kwamba hakuna ugonjwa, kwani damu huweza kuwa sawa leo na kuharibika baada ya siku mbili mbaya. Mhudumu huweza pia kumuuliza maswali matano mafupi yaliyochapishwa London mwaka 1999, likiwamo kama anahisi chakula kinatawala maisha yake. Mwenye kujibu ndiyo mara mbili au zaidi anahitaji kuchunguzwa kwa kina.

Tiba yenye ushahidi mkubwa kwa watu wazima ni ya mazungumzo, ile inayomfundisha mtu kuutambua mzunguko wake na kuubadili, na kwa kawaida huchukua vikao vya miezi kadhaa. Kwa vijana wanaoishi na wazazi, wazazi huingizwa katika tiba na kupewa kazi ya kusimamia chakula. Iko pia dawa, fluoksetini, ambayo hupunguza vipindi vya kula na kutapika, nayo hutolewa na daktari tu. Mgonjwa aliyewahi kuandikiwa bupropioni, dawa nyingine ya huzuni kubwa, aseme, kwa maana dawa hiyo huweza kuleta kifafa kwa mwenye bulimia. Lamu haina wataalamu wengi wa akili, na familia nyingi hulazimika kufika Mombasa. Nauli na siku zinazopotea njiani ni mzigo wa kweli, kwa hiyo ulizeni tangu mwanzo kama vikao vingine vinaweza kufanywa kwa simu. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina namba ya bure, 1199, kwa ushauri nasaha, na mtoto huweza kupiga 116.

Nyumbani, kazi ya jamaa ni chakula chenye saa. Njaa ndefu ndiyo inayozaa kula kwa pupa, na wataalamu hutaka mgonjwa ale milo mitatu na vitafunio katikati, asikae zaidi ya saa nne hivi bila kitu. Utaratibu wetu wa zamani unafanana sana na huo: chai na mahamri kwa mbaazi asubuhi, wali na samaki adhuhuri, chai ya saa kumi na kipande cha mkate, na chakula cha usiku baada ya isha. Mwekeeni sahani yake kwa muda, au kaeni naye upande mmoja wa sinia, na mkishamaliza msimwache peke yake kwa saa moja ya mwanzo. Mpeni mazungumzo, si ulinzi. Siku akirudia, chakula kinachofuata kiliwe kwa saa yake kama kawaida, bila adhabu ya kujinyima.

Ramadhani inahitaji uamuzi kabla haijaandama. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, mgonjwa amepewa ruhusa ya kula na kuzilipa siku hizo baadaye, na maradhi haya ni maradhi. Wanazuoni wengi pia husema kwamba anayejitapisha kwa makusudi saumu yake hubatilika, kwa hiyo mgonjwa anayefunga huku akitapika hukosa saumu na hukosa afya. Daktari aulizwe kwanza, kisha sheikh aelezwe alivyosema daktari. Akiruhusiwa kula, nyumba impe mahali pa kula mchana bila kutazamwa.

Idi nayo ina shida yake, kwa kuwa mtu huzunguka nyumba kumi, na kila nyumba ina sinia la vitamu na shangazi mwenye neno kuhusu mwili wake. Siku mbili kabla, mtu mmoja apite kwa jamaa hao awaombe wamuulize habari za masomo, waisifu hina yake, wasimlazimishe kula na wasimtaje unene wala wembamba. Akiuliza mmoja wao sababu, ajibiwe kwamba daktari ndiye aliyesema.